Wenyeji Wasiohesabiwa

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilitangaza kwamba kijiji cha Monowi, kaskazini mwa jimbo la Nebraska, kina wakazi wawili. Habari hiyo ilimshangaza mkazi wa Monowi. Alikuwa peke yake tangu mumewe alipofariki mwaka 2004, na katika mji wa mtu mmoja ni vigumu mgeni ahamie bila kuonekana. Idara ya sensa ikafafanua kwamba haikukosea hesabu. Ili kulinda siri za watu, takwimu za maeneo madogo huvurugwa makusudi, huku zikiongezwa na kule zikipunguzwa, mradi jumla ya jimbo ibaki sahihi. Mwenyeji wa pili wa Monowi, basi, alizaliwa ndani ya kompyuta.

Waandishi wa habari wamempenda sana bi mkubwa wa Monowi, na si ajabu. Yeye ni meya, karani, mweka hazina, mkutubi na mwenye baa. Kila mwaka huandika mpango wa barabara na kuupeleka jimboni ili mji upate fedha za kuwasha taa zake chache. Leseni ya baa huiomba yeye na kuiidhinisha yeye. Karibu na baa pana kibanda chenye vitabu 5,000 hivi vya marehemu mumewe, maktaba isiyo na mlinzi wala faini. Katika miaka ya 1930 mji huo ulikuwa na watu kama 150, maduka, mikahawa, hata mahabusu.

Kisa chake huandikwa kama kichekesho, nami sikatai kwamba kinachekesha. Lakini anayekisoma hivyo tu hukosa jambo. Sensa inataka kujua makazi ya kawaida ya mtu, mahali anapolala siku nyingi za mwaka. Watu wa miji midogo ya reli kama Monowi wana hesabu yao nyingine, ambayo hutaka kujua nani ni wa hapa, hata kama ameondoka miaka arobaini iliyopita. Hesabu hizi mbili zimekuwa zikiachana kwa karne nzima sasa. Ya kwanza inashuka kila baada ya miaka kumi. Ya pili imeshikiliwa na desturi ambazo mtu akipita kwa gari hawezi kuziona.

Miji hii haikuchipuka yenyewe. Sisi tumezoea mji uanze palipo na kisima, gati au njia panda. Watu wakutane, soko likue, kisha serikali ije ikute mambo tayari. Kwenye nyanda za nyasi za Marekani mambo yalikwenda kinyumenyume. Mwaka 1862 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mbili zilizofuatana kwa wiki chache. Moja ilimpa mtu ekari 160 za ardhi ya umma kwa ada ndogo, ilimradi aishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Nyingine iliyapa makampuni ya reli mikopo na ardhi kubwa kando ya njia, ili treni ifike Bahari ya Pasifiki. Mkulima asiye na reli hana pa kuuzia ngano, na reli isiyo na mkulima haina cha kubeba. Makampuni yakatuma mawakala hadi Ulaya kuwanadia watu ardhi ambayo mawakala wengine hawakuwahi kuikanyaga.

Umbali kati ya mji na mji ulipimwa kwa mwendo wa farasi. Mkulima alipaswa kuondoka alfajiri na mkokoteni wa ngano, auze, anunue chumvi na mafuta ya taa, arudi kwake kabla ya giza kuingia. Tena injini za mvuke zilikuwa na kiu, zikihitaji maji kila baada ya mwendo mfupi. Kwa hiyo stesheni zilipandwa kama kila kilomita kumi au kumi na tano, palipofaa na pasipofaa. Majina nayo yalitoka ofisini. Kampuni ya Burlington, ilipojenga kutoka Lincoln kwenda magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1870, ilivipa vituo majina kwa kufuata alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Baadhi ya herufi hizo leo zimebaki na nyumba za kuhesabika.

Mchoro ulikuwa karibu ule ule kila mahali. Reli ilipita upande mmoja kama mstari wa juu wa herufi T, na barabara kuu ikashuka kutoka mlangoni mwa stesheni. Kando ya reli yalisimama maghala marefu ya nafaka, ambayo katika nchi isiyo na mlima yalionekana kutoka mbali sana, pamoja na mazizi ya ng'ombe wa kusafirishwa na yadi za mbao, maana mti wenyewe ulikuwa adimu. Barabara kuu ilikuwa ya benki, duka, hoteli na kinyozi. Shule na makanisa yalisukumwa nyuma, mbali na moshi na kelele. Mtu aliyehama mji mmoja wa reli akaingia mwingine hakuhitaji kuuliza njia ya posta.

Monowi ni zao la mwaka 1902, reli ya Fremont, Elkhorn and Missouri Valley iliporefushwa kutoka Verdigre hadi Bonesteel, ng'ambo ya mpaka wa South Dakota. Lakini pale ilipopandwa hapakuwa nyika tupu. Kati ya mto Niobrara na mto Missouri ilikuwa nchi ya Waponca. Mwaka 1877 serikali iliwafukuza, ikawapeleka kwa miguu na mikokoteni hadi kusini, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, na wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Miongoni mwa waliokufa ni mtoto wa kiume wa chifu Standing Bear. Kijana aliomba akazikwe kwao, kando ya Niobrara. Januari 1879, katikati ya baridi kali, baba yake alitoka na watu kama thelathini, mifupa ya mwanawe ikiwa mkokotenini. Jeshi liliwakamata kabla hawajafika. Kesi ikasikilizwa Omaha, na mwezi Mei jaji Elmer Dundy akaamua kwamba Mhindi Mwekundu naye ni mtu mbele ya sheria, na serikali haina haki ya kumfunga bila sababu. Standing Bear aliachiliwa akaenda kumzika mwanawe.

Naitaja habari hiyo hapa kwa sababu walowezi waliokuja na treni miaka ishirini na kitu baadaye walikuja kushika imani ile ile juu ya udongo ule ule: kwamba mtu kwao ni pale alipozikiwa watu wake. Sijui kama wengi wao walijua nani aliwatangulia katika imani hiyo.

Reli ilileta hata saa. Kabla ya tarehe 18 Novemba 1883 kila mji Marekani ulikuwa na adhuhuri yake, jua linapofika utosini. Siku hiyo makampuni ya reli yaliigawa nchi katika kanda za saa bila kungoja sheria, na sheria yenyewe haikuja hadi mwaka 1918. Tangu hapo saa ya stesheni ndiyo iliyorekebisha za watu wengine wote, ya kanisani ikiwamo.

Steshenimasta alikuwa mtu mkubwa kuliko mshahara wake. Mara nyingi aliishi na familia yake humo humo stesheni, ghorofani au vyumba vya nyuma. Alijua kusoma mlio wa telegrafu, kwa hiyo bei ya ngano ya Chicago, matokeo ya uchaguzi na habari ya vita vilimfikia yeye kwanza. Telegramu ya msiba ilipita mikononi mwake kabla haijamfikia mfiwa. Treni ilipokaribia, watu walikwenda kuipokea hata kama hawakuwa na mgeni. Walitaka kuona nani ameshuka, amevaa nini, amekuja na sanduku la ukubwa gani. Hilo la mwisho lilionyesha kama amekuja kutembea au amerudi kwa kushindwa mjini. Mfuko wa barua ulibebwa hadi posta, na watu wakakaa kungoja zipangwe. Hilo ndilo lililokuwa baraza lao. Mikopo iliombwa pale, posa zilianzia pale, na ugomvi wa mipaka ya mashamba ulisuluhishwa pale kabla haujafika kwa hakimu.

Treni hiyo hiyo ilileta watoto. Kuanzia mwaka 1854 hadi 1929 mashirika ya hisani ya New York na miji mingine ya mashariki yaliwapakia watoto yatima na wa mitaani, kama 200,000 kwa jumla, yakawapeleka vijijini. Tangazo lilitangulia, siku ikifika watoto walipangwa jukwaani, ukumbini au kanisani, na wakulima wakaja kuchagua. Wako waliopata baba na mama wa kweli. Wako pia waliopapaswa misuli ya mikono kwanza, kama mnadani, wakachukuliwa kwa ajili ya kazi, na ndugu wa tumbo moja wakatenganishwa vituo viwili tofauti. Wazee wa miji hii hupenda kusimulia ukarimu wa mababu zao, na ukarimu ulikuwapo kweli. Desturi hii nayo ilikuwa yao, na lazima iwekwe kwenye kapu hilo hilo.

Siku kubwa ya wiki ilikuwa Jumamosi. Jioni, familia za mashambani ziliingia mjini na mayai na malai. Malai yalipimwa mafuta kwa mashine kwenye kituo cha ununuzi, mayai yakabadilishwa dukani kwa sukari, kahawa na vitambaa. Fedha za ngano zilikuwa za baba na benki. Fedha za mayai zilikuwa za mama. Katika mwaka wa ukame, ngano ilipokauka na benki ikabisha hodi, nyumba nyingi zilikula kwa kuku wa mama, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu ingawa halikuandikwa kwenye daftari la mtu. Maduka hayakufungwa hadi usiku mwingi. Bendi ya mji ilipiga matarumbeta, na baadaye, kuanzia miaka ya 1930, miji mingi ilionyesha sinema bure kwenye ukuta wa jengo, wenye maduka wakilipia ili watu wasiende mji jirani. Vijana walizunguka barabara kuu, wavulana upande huu na wasichana upande ule, hadi mizunguko ikakutana.

Watu hawa hawakuwa kabila moja. Wajerumani, Wacheki, Waswidi, Wadenmaki, Waairishi na Wajerumani waliotoka Urusi walijikuta majirani kwa sababu tu wakala wa reli aliwauzia viwanja vilivyopakana. Kila kundi lilijenga kanisa lake, na mara nyingi makaburi yake. Verdigre, ambako reli ya Monowi ilianzia, ulikuwa mji wa Wacheki, na hadi leo husherehekea kila mwaka kolache, vile vikate vitamu vyenye matunda au mbegu za mpopi katikati. Lugha ya nyumbani ilifundishwa katika shule za kanisa. Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza na chuki dhidi ya kila kitu cha Kijerumani. Mwaka 1919 Nebraska ilipiga marufuku kufundisha watoto wa shule za chini kwa lugha yoyote isiyo Kiingereza. Mwalimu Robert Meyer wa Kaunti ya Hamilton alikutwa akimsomesha mtoto wa miaka kumi kwa Kijerumani, akatozwa faini ya dola 25. Alikata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda mwaka 1923. Ushindi ulikuwa mkubwa kisheria, lakini hofu ilikuwa imeshafanya kazi yake: makanisa mengi yalikwisha kubadili ibada kuwa za Kiingereza, na wajukuu wakabaki na majina ya vyakula tu.

Kilichowaunganisha ni kazi. Mashine ya kupura ngano ilikuwa ghali mno kwa mkulima mmoja, kwa hiyo majirani waliungana, mashine ikazunguka shamba kwa shamba, na kila mwanamume akaifuata na farasi wake hadi shamba la mwisho liishe. Hakukuwa na malipo ya fedha; deni lilikuwa siku za kazi, na mtu aliyejidai mgonjwa siku ya shamba la jirani alikumbukwa kwa miaka. Jikoni nako kulikuwa na mashindano yasiyotangazwa. Wapuraji walikula milo mitatu na vitafunio viwili kwa siku, na mwanamke aliyewapa nyama kidogo au pai moja badala ya aina tatu alijua kwamba habari zitamtangulia hadi kanisani Jumapili.

Undugu huo ulionyesha makali yake katika miaka ya 1930. Bei ya mazao ilianguka, mvua ikakatika, vumbi likafunika mashamba, na benki zikaanza kunadi mali za wadaiwa. Siku ya mnada majirani walifika kwa mamia, wakasimama wamebanana. Ng'ombe akatajiwa senti tano. Trekta senti kumi. Aliyetaka kupandisha bei alishikwa bega na mtu mkubwa aliyesimama nyuma yake, na mahali pengine kitanzi cha kamba kilining'inia ghalani bila maelezo. Mnada ukiisha, mali yote ilirudishwa kwa mwenyewe kwa dola chache. Nebraska ilikuwa miongoni mwa vitovu vya minada hiyo. Februari 1933 maelfu ya wakulima waliandamana hadi Lincoln, na bunge la jimbo likapitisha sheria ya kusimamisha kwa muda unadishaji wa mashamba. Waswahili tungeiita kufa kuzikana. Wao hawakuwa na jina la fahari kwa jambo lile. Walisema walikwenda mnadani.

Miji hii ilikufa kwa mpangilio, na mpangilio ule ule ulirudiwa nyanda zote. Gari lilianza. Mji uliowekwa kilomita kumi na tano kutoka mwenzake kwa ajili ya farasi ukawa mwendo wa dakika kumi na tano kwa Ford, na mkulima akajiuliza kwa nini anunue hapa wakati mji wa tatu una duka kubwa zaidi. Posta ya kupeleka barua hadi shambani, iliyoenea mwanzoni mwa karne ya 20, na vifurushi kuanzia 1913, viliondoa sababu ya kwenda kungoja treni, na katalogi za maduka makubwa ya Chicago zikaingia kila nyumba. Kisha kombaini ikamaliza vikundi vya kupura. Shamba lililohitaji familia na majirani kumi likalimwa na baba na mtoto mmoja, na hao nao wakanunua shamba la jirani ili mashine ijilipe. Kaunti ya Boyd, yenye Monowi ndani yake, ilihesabu watu 8,826 mwaka 1910. Mwaka 2020 walikuwa 1,810. Ardhi haikuachwa hata kidogo. Inalimwa kuliko zamani. Mkulima ndiye aliyepungua.

Huko Monowi posta ilifungwa mwaka 1967, shule ikafuata mwaka 1974, na katika muongo huo huo treni ikaacha kuja. Kanisa lilikwisha kunyamaza mapema zaidi: mazishi ya mwisho humo yalikuwa mwaka 1960, ya baba yake bi mkubwa tuliyemtaja. Ukimwuliza mtu wa nyanda hizi pigo gani lilikuwa kubwa kuliko yote, wachache watakutajia treni. Wengi watakutajia shule. Nebraska ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 7,000 karne moja iliyopita. Leo hazifiki 250. Kila wilaya iliyounganishwa na nyingine ilimaanisha timu moja imekufa, na timu ndiyo iliyowakusanya watu usiku wa Ijumaa baada ya bendi ya Jumamosi kwisha.

Walipigana kwa ujanja. Mwaka 1934, shule zilipokuwa ndogo mno kupata wachezaji kumi na mmoja, mwalimu wa Chester, Nebraska, aitwaye Stephen Epler alibuni futiboli ya Kimarekani ya watu sita kila upande, kiwanja kikiwa kifupi na chembamba zaidi. Mchezo wa kwanza ulichezwa Hebron, Septemba mwaka huo, na wachezaji wake walitoka shule nne zilizochangishana ili kupata timu mbili. Mchezo huo bado unachezwa nyanda zote, hadi Texas. Nauhesabu kuwa mojawapo ya mila za kweli za watu hawa: idadi ikipungua, badilisha kanuni ili mji usikose timu.

Si kila mji wa reli ulififia. Lexington, kwenye njia kuu ya Union Pacific, ulipata kiwanda cha nyama mwaka 1990, na watu wake wakapanda kutoka 6,601 hadi 10,011 katika miaka kumi. Walikuja kwanza Wamexico na Waguatemala, kisha Wasomali. Katika miji ya viwanda vya nyama ya nyanda hizi leo unaweza kusikia Kiswahili dukani, cha Wakongo na cha Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Kenya. Wenyeji wa miji midogo ya jirani huitazama miji hiyo kwa wivu na mashaka kwa wakati mmoja, wakisahau kwamba babu zao nao walishushwa stesheni na masanduku na lugha isiyoeleweka.

Kuna mji mmoja ambao kwangu ndio unaoeleza tofauti ya zile hesabu mbili vizuri kuliko Monowi, nao haukuwahi kupata reli kabisa. Nicodemus, magharibi mwa Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao watumwa wa zamani. Waliahidiwa mji, walikuta uwanda na upepo, wakachimba nyumba ardhini ili wapite majira ya baridi. Wengine waligeuka nyuma kesho yake. Waliobaki walijenga makanisa, shule, hoteli, benki, na katika miaka ya 1880 wakawa na magazeti mawili. Mwaka 1887 walipiga kura kutoa hati fungani za dola 16,000 ili kuivuta reli. Reli ikapita kusini ya mto Solomon mwaka 1888, kilomita chache tu kutoka kwao, na mji wa Bogue ukazaliwa hapo. Wafanyabiashara walihama, baadhi wakiyavuta majengo yao kwa farasi kuyavusha mto. Posta ilifungwa mwaka 1953. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 14.

Lakini tangu mwaka 1878 Nicodemus husherehekea Siku ya Ukombozi. Hapo mwanzo ilikuwa tarehe 1 Agosti, kukumbuka kufutwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza ya visiwa vya Karibi mwaka 1834; siku hizi ni mwisho wa wiki ya mwisho wa Julai. Wajukuu na vitukuu hufika kwa mamia, kutoka Denver, Topeka, California na kwingineko. Kuna maandamano, ibada, nyama ya kuchoma, na mabaraza marefu ya kupanga nasaba, nani ni mtoto wa nani kwa upande upi. Wapo wanaokuja ambao hawakuzaliwa pale, wala wazazi wao, na bado hujiita watu wa Nicodemus bila mtu kuwashangaa. Mwaka 1996 mahali hapo pakatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Uamuzi huo ulihifadhi majengo matano. Kilichoyafanya yastahili kuhifadhiwa ni Julai zote zilizotangulia.

Miji ya Wazungu ya Nebraska nayo ina Julai yake, ila iko mwishoni mwa Mei, Siku ya Mashujaa. Asili yake ni kupamba makaburi ya wanajeshi, lakini vijijini hupambwa makaburi yote. Wanawake hukata maua ya bustanini, yakiwamo mapeoni ambayo huchanua wakati huo huo, wakayatia kwenye makopo ya kahawa yaliyofunikwa karatasi ya fedha. Watoto huongozwa kaburi kwa kaburi na kutajiwa majina. Jioni hufanyika chakula cha wahitimu: kila aliyewahi kumaliza shule ya mji ule, hata kama imefungwa nusu karne iliyopita, hualikwa. Miaka huitwa mmoja mmoja na wahusika husimama. Darasa la mwisho lililohitimu kabla ya kufungwa huitwa bado vijana, nao wana mvi.

Kwa siku za kawaida, uanachama hudhihirishwa kwa mambo madogo. Dereva akikutana na mwenzake barabarani huinua kidole kimoja au viwili bila kuachia usukani, na asiyeinua ni mgeni au ana kinyongo. Wanaume huanza siku mkahawani saa kumi na mbili asubuhi na kucheza dadu kuamua nani atalipia kahawa. Mkahawa ukifungwa huhamia ofisi ya chama cha ushirika cha nafaka, wakaendelea na mabishano palipoishia. Baada ya mazishi, wanawake wa kanisa huandaa chakula chini ya kanisa, sandwichi za nyama ya nguruwe, saladi za viazi, keki za mraba, kila mmoja na bakuli lililoandikwa jina lake kwa chini ili lirudi. Shamba huitwa kwa jina la aliyelimiliki zamani. Mtu anaweza kulinunua, kulilima miaka thelathini na kuzeeka juu yake, na bado majirani wakamwelekeza mgeni kwa kusema ni kule kwa kina fulani, watu waliohama kabla ya vita. Jina la mnunuzi litaanza kutumika atakapoliuza.

Makaburi huendeshwa na vyama vidogo vya wenyeji, na mara nyingi chama hicho ndicho chombo cha mwisho cha mji kinachofanya mkutano. Chama cha wahitimu kinapovunjika kwa kukosa watu, salio lake la benki huweza kukabidhiwa huko, kwa ajili ya kukata nyasi na kunyanyua mawe yaliyolala. Waombaji wa nafasi huandika kutoka Omaha, Denver, Phoenix, watu waliostaafu posta, jeshi au viwanda vya ndege, wakitaka kujua kama upande wa magharibi, karibu na baba, bado kuna sehemu ya watu wawili. Nyumba kwenye barabara kuu zinaweza kukaa na bango la kuuzwa hadi bango lioze. Viwanja vya huku nyuma havikosi wanunuzi.